Ekzosi ya Baba Ilipogeuka Buluu Tena

Harufu ya ndimu ikikutana na majivu hunirudisha mtaani Rhonda, kwenye ua wetu wa mabati, nikiwa na miaka tisa, nimechuchumaa kando ya pikipiki ya Baba. Labda nyinyi huwakumbusha samaki. Mimi hunikumbusha ekzosi, bomba la moshi la pikipiki.

Pikipiki ile ndiyo iliyotulisha, na Baba aliiosha kila jioni. Lakini pale bomba la ekzosi linapotoka kwenye injini, joto lilikuwa limelipaka rangi ya buluu na kahawia, na hapo sabuni haikufua dafu.

Alhamisi moja, shule zikiwa zimefungwa, nilingoja bomba lipoe, nikalipaka ndimu na majivu, nikasugua kwa kitambaa mpaka mabega yakauma. Stilwulu ya kusugulia sufuria sikuigusa, Mama alinionya ingeacha mikwaruzo. Saa kumi hivi niliuona uso wangu humo, pua pana kama ya kiboko. Baba aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Sasa abiria watadhani nimenunua mpya," akasema.

Kesho yake alienda Rongai na kurudi. Nilipoinama kuangalia, buluu ilikuwa imerudi, tena imekolea.

"Baba, imerudi."

Hakucheka. "Imerudi lini?"

"Leo. Asubuhi ilikuwa safi."

Alinipakia tukaenda moja kwa moja kwa fundi, kwa sababu Jumamosi alikuwa ampeleke Mama Kuresoi kwa dadake aliyejifungua, na njia ile ni milima mitupu. Fundi alitupa jicho, akapangusa mikono.

"Mzee, hiyo ni kawaida. Ekzosi zote hugeuka."

"Si kwa siku moja," Baba akasema. "Huyu msichana ndiye huiangalia. Na kesho nampeleka mama yake Kuresoi. Fungua."

Fundi akafungua, shingo upande. Raba inayounganisha injini na kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ilikuwa imepasuka. Injini ilikuwa ikivuta hewa kupita kiasi na kujichoma yenyewe. Akanigeukia mimi.

"Hii ingekufa mlimani, mama yako akiwa juu yake."

Raba ikabadilishwa. Mama alifika kwa dadake salama, akarudi na gunia la viazi.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku hiyo kama ushindi wangu juu ya fundi. Nilipokuwa mtu mzima, nimeajiriwa, nikisema jambo mkutanoni lisisikike mpaka mwanamume alirudie, ndipo nilipoelewa kilichotokea. Baba alianza kuendesha pikipiki kabla sijazaliwa. Fundi aliheshimika mtaa mzima. Kuninyamazisha kungehitaji neno moja tu, na hakuna ambaye angemlaumu Baba. Yeye alilichukua neno la mtoto, akalipeleka mbele ya watu wazima, akalisimamia. Ndiyo maana hadi leo sijui kuyatilia shaka macho yangu.