Chaki Kabla ya Mkasi

Wateja walimwita Chaki. Hakuna fundi aliyechora kitambaa muda mrefu kama yeye. Alipima bega, akapima tena, akachora, akafuta kwa kiganja, akachora upya. Mkasi ulikaa pembeni mpaka mteja arudi kusimama mbele ya kioo. "Mkasi ukishapita hauombi radhi," alisema, na suti zake zilimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nazo.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ni ugonjwa wa Parkinson, alisema daktari wa neva, akampa vidonge. Kwa miaka kadhaa vidonge vilimtii. Baadaye vikawa vinachelewa kuanza na kuwahi kuisha, na vikikolea sana mwili wake ulicheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.

Ndipo daktari akaeleza upasuaji: waya mwembamba ndani ya ubongo, betri chini ya ngozi ya kifua, umeme kidogo wa kutuliza mitetemo.

"Na mkikosea, mnafumua?" Chaki aliuliza.

"Umeme tunaurekebisha. Ikibidi, waya tunautoa. Hatari zipo, sikufichi. Ila usikawie, mzee wangu. Upasuaji huu unawafaa watu ambao dawa bado inawasaidia na akili bado imetulia."

Katika yote hayo, Chaki alitoka na jambo moja tu: kutobolewa fuvu.

"Umeambiwa usikawie," mkewe alimwambia walipofika nyumbani. "Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Mama, hiki ni kichwa, si suruali ya kupunguza kiuno."

"Ndiyo maana unakichora chaki."

Alicheka, akangoja. Kwanza amalize kazi za wateja wa zamani. Kisha apate mtu wa kuliangalia duka. Kisha vidonge vikamkalia vizuri mwezi mzima, akasema, "Mnaona?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

Walirushiana methali hizo kila asubuhi juu ya chai, hadi ikawa ndiyo salamu yao. Asubuhi moja mkewe akarusha yake, na Chaki akaanza, "Haraka haraka..." Akakwama, kikombe mkononi. Mkewe alingoja, akidhani ni mzaha.

"Haina baraka," akammalizia, polepole.

Wiki chache baadaye Chaki alishona mkono wa kushoto wa koti upande wa kulia. Alipouona, aliufumua, na jioni akamwambia mkewe: "Nipelekeni. Sasa niko tayari."

Hospitali walimpa maneno ya kukumbuka, wakamwambia achore saa. Namba zote zilijazana upande mmoja. Daktari alivuta kiti karibu.

"Kwa sasa upasuaji utakudhuru zaidi kuliko kukufaa, mzee wangu. Mitetemo ingepungua, lakini kumbukumbu ingezidi kukuponyoka. Tutapanga dawa upya."

"Nilipaswa kuja lini?"

"Ile siku niliyokueleza ndiyo ulikuwa wakati mzuri."

Mkewe alitazama sakafu. Methali aliyokuwa nayo aliimeza.

Waliporudi dukani, juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha kijivu alichojiwekea mwenyewe, suti ya kuvaa siku ya kutoka hospitali akiwa amepona. Chaki alimsogezea mkewe mkasi.

"Kata wewe."

"Mimi sijui kukata, baba."

"Nimeshachora. Fuata mstari."

Mkewe akainama. Mistari ilikuwa mingi, chaki juu ya chaki, mingine imefutwa nusu, mingine imetetemeka.

"Mstari upi?"

Chaki alikipapasa kitambaa kwa kidole.

"Ule wa kwanza," alisema. "Ulikuwa umekaa sawa."