Mama Bado Anatumiwa Salamu

Mama alizikwa nikiwa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nikipiga pasi kanzu za bosi. Madam alinikumbatia akanipa pole ya kweli, lakini ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye pasi ile ile, waya mmoja wa simu sikioni chini ya mtandio, nilimsikia padre akimsalimu Mama redioni.

Ni redio ya jimbo letu Katoliki, huku naipata kwa mtandao. Kila asubuhi baada ya masomo ya Misa, padre huyo huongoza kipindi cha salamu. Saa ya Jeddah na ya Kenya ni moja, kwa hiyo miaka yote hii tulimsikiliza pamoja, Mama jikoni kwake, mimi jikoni kwa watu. Mama alikuwa mtu maarufu pale. Alikuwa na jina la utani la redioni, ambalo sitaliandika, na marafiki katika miji ambayo hakuwahi kufika. Kanisani walimzika kwa jina la ubatizo. Ndugu zangu hawasikilizi redio. Hakuna aliyepeleka habari.

"Huyu mama siku hizi hajibu," padre alisema akicheka. "Nina wasiwasi ametuhama, ameenda kwenye redio za dansi. Mama, rudi, tumekusamehe!"

Nilicheka kwa sauti, kama mtu ambaye mama yake yu hai.

Siku hiyo hiyo nilianza kumwandikia padre ujumbe. Shule niliiachia kidato cha pili, mengine nimejifundisha mwenyewe, na kukosea kunanitisha kuliko ukali wa madam. Niliandika, nikafuta, nikatafuta neno bora la kifo, nikafuta tena. Lakini acha niseme ukweli: maneno hayakuwa shida. Kila asubuhi kulikuwa na mtu fulani aliyetarajia Mama ajibu, na mimi sikutaka aache kutarajia.

Nilimweleza rafiki yangu, Mwislamu wa Mombasa aliyeko Riyadh. Tulikuja pamoja, tukalala chumba kimoja cha wakala, mtaa wa Shumaisi, tukingoja kupelekwa kwa waajiri.

"Weye una wazimu," aliniambia kwenye simu. "Mamako yu kaburini, watu wamuuliza kama ashakunywa chai?"

"Inanipa raha, dada."

"Raha ya nani? Yake ama yako?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sisi mtu akifa twamuombea," akasema, sasa kwa upole. "Kwani nyinyi hamuombei? Na wataomba vipi, nawe umewaficha?"

Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Watu wale wote, wenye rozari mkononi, wangemwombea Mama kesho yake tu. Nilikuwa nimemnyima sala ili nimsikie akiitwa. Nilituma ujumbe bila kuusoma mara ya pili.

Asubuhi padre alisema, "Wasikilizaji wangu," halafu kimya, nikadhani mtandao umekatika. Aliporudi, sauti haikuwa ile ya utani. Aliwaeleza. Kisha simu zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, watu niliowajua kwa majina ya redioni tu, wakimwombea raha ya milele. Mzee mmoja alishindwa kumaliza, mkewe akaendelea. Nilisimama mbele ya sinki, maji yakitiririka, nikiitikia moyoni.

Tangu siku hiyo salamu ziliendelea, za wengine. Nilizisikiliza zote. Juma lililopita mtu mmoja, ambaye bila shaka habari haikumfikia, alituma orodha yake ya kawaida. Padre aliisoma haraka haraka kama kawaida yake, akafika kwa Mama, akatamka mwanzo wa jina lake, akasita. Karatasi ikachakarika. Akaenda kwa mtu aliyefuata.

Nilikuwa nimekwisha kubana waya sikioni kwa kidole. Nilitaka alimalizie jina lile tu, hata kwa kukosea.