Kichwa cha Eustaki Hakikuwemo Kwenye Mkataba

Mara ya kwanza kukutana na Eustaki alinirudishia magunia sita ya ulezi. Ni miaka ishirini na mmoja sasa. Yeye alikuwa karani wa mapokezi kwenye ghala la ununuzi hapa Sumbawanga, mimi nilikuwa mama wa kuzunguka vijijini kwa baiskeli, mtoto mgongoni, nakusanya debe moja moja. Alichoma gunia la kwanza kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea nafaka katikati ya gunia, akamimina kiganjani, akapuliza. Ulezi uliruka, mchanga ukabaki.

"Mama, huu umelimwa wapi? Ufukweni Kasanga?"

Mchanga nilijua upo. Niliuziwa nao na nilikusudia kuuuza nao. Nikakunja noti ndani ya karatasi ya mzigo, nikamsogezea. Akaifungua mbele ya foleni nzima, akaiinua juu.

"Hii ni ya chai au ya mchanga?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilipakia magunia yangu, nikapepeta siku mbili uani kwa shemeji, nikarudi. Akayapokea yote sita bila neno la ziada, akaandika jina langu kwa mwandiko ulionyooka kama umechapwa.

Sikumpenda, ila nilimwekea alama. Nilipofungua duka la pembejeo pale Mazwi, na nyuma yake ghala la mahindi, mtu wa kwanza niliyemfuata alikuwa yeye. Ghala lao lilikuwa limefungwa, anatengeneza redio za watu barazani kwake. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: aliyekataa mchanga wangu atakataa na wa wengine. Tulivutana mshahara tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, na mwisho kila mmoja aliondoka akidhani kapunjwa. Kwangu hiyo ndiyo biashara iliyokaa sawa.

Kazi yenyewe ni hii. Mkulima anaagiza mbolea kwangu kabla ya mvua, lori linamfikishia hadi kijijini, na akivuna mahindi yanakuja kwangu, mengine yanabaki mjini na mengine yanavuka mpaka pale Kasesya. Kati ya mkulima na lori pana karatasi, na karatasi zote zilikuwa za Eustaki. Fomu inajazwa kijijini, inapigwa picha, inatumwa kwa simu. Eustaki anainakili kwenye daftari, kisha kwenye kompyuta yetu, kisha kwenye mfumo wa msambazaji, kisha anamtumia mkulima ujumbe wa jibu. Maneno yale yale mara nne. Msimu ukipamba moto vidole vyake vinakakamaa, na lori bado limesimama nje na dereva wake analala chini yake.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, akaja kijana mtaalamu kutoka Mbeya, Abel, na kompyuta mgongoni. Akanionyesha programu inayofungua picha ya fomu, inaisoma, inaandika kwenye kompyuta yetu, inaingia kwa msambazaji na kubonyeza kila kitufe ambacho karani angebonyeza, halafu inatuma majibu. Kazi ya siku nne ikaisha kabla ya saa sita mchana. Wenyewe wanaiita roboti. Oswaldi, mkuu wa makuli wangu, alisikia jina hilo akaja mbio, akainama kuchungulia chini ya meza.

"Mikono yake iko wapi?"

"Haina mikono, mzee. Ni programu tu."

"Sasa gunia itabebaje?"

"Haibebi."

Oswaldi akatoka anapiga mluzi.

Eustaki nilimwambia waziwazi. Habari mbaya sizipaki asali.

"Mzee Eustaki, mkataba wako unaisha Desemba na sitauongeza. Kabla ya hapo kaa na Abel wiki mbili umwelekeze kazi yako yote."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena ili anione vizuri.

"Yaani nimfundishe anayekuja kukalia kiti changu, tena nimpangusie vumbi."

"Wiki hizo mbili unalipwa."

"Nalipwa kuandika. Kilichoko kwenye karatasi nitamwonyesha chote, hata nukta sifichi. Kilichoko kichwani nauza."

"Na hicho kichwa, saa za kazi kinakaa wapi?"

"Juu ya mabega yangu, Mama Jenifa. Soma mkataba uone kama kimo."

Niliusoma. Niliuandika mwenyewe, na kweli hakimo. Nikamuuliza bei, maana kuuliza si kununua. Akasema anataka mkataba wa miaka mitatu, na kila ombi linalokataliwa lipite mikononi mwake kabla halijamfikia mkulima.

"Ninunue roboti ili nikuajiri wewe upya?"

"Basi usinunue. Ila usije ukasema sikukutandikia bidhaa."

Nimepatana na watu wa kila namna, pande zote mbili za mpaka. Najua muuzaji anayejisifia kitu ambacho hakitoi hadharani, mara nyingi gunia lake ni makapi. Nikamhesabu Eustaki hivyo. Hapo ndipo nilipoteleza.

Abel alikaa naye wiki mbili. Eustaki alijibu kama shahidi mahakamani, swali likiisha na yeye anaishia hapo hapo.

"Mzee, ukikuta maombi mawili yanafanana, unafanyaje?"

"Nayatazama."

"Halafu?"

"Naamua."

"Unaamuaje sasa?"

"Hiyo haiko kwenye karatasi, kijana."

Abel akaja kwangu anajikuna kichwa. "Bosi, mzee mgumu huyu. Niweke utaratibu wa kawaida? Mahali pengi tunamtambua mtu kwa namba ya simu. Namba ni ya mtu mmoja, haina mchezo. Ikijirudia, ombi linakataliwa."

Mimi niliyezaliwa huku huku juu Ufipa, nikasema weka.

Kuna kitongoji kimoja upande wa Msanzi, ukitoka barabarani unapanda. Mtandao wa simu unashika sehemu moja tu, kwenye mwinuko wa kigango, kanisa lao dogo, na nyumba iliyoko pale ni ya katekista Ignasi, mwenye paneli ya jua. Kwa hiyo kitongoji kizima kinaandika namba ya Ignasi. Ujumbe ukiingia anaunukuu, na Jumapili baada ya ibada, yakishapita matangazo ya michango, anawasomea wote nje. Wenye simu wanazo, ila za kusikilizia muziki. Wakulima ishirini na watatu, namba moja. Jambo hili nilikuwa nalijua kabla sijawa na duka. Miaka kumi na tano ya mjini imetosha kunisahaulisha.

Mwanzoni mwa Novemba roboti ilimeza maombi mia nne na kumi na mawili. Tulipiga makofi. Nilinunua soda kwa wote, na Eustaki alikunywa yake polepole, uso kaukunja, kama mtu aliyekaa kwenye harusi ya jirani asiyepatana naye.

Jumapili Ignasi akasimama nje ya kigango na karatasi yake. Yusto, ombi lako limepokelewa. Adriano, ombi lako limekataliwa, sababu, mwombaji amejirudia. Teodori, limekataliwa, mwombaji amejirudia. Bertilla, limekataliwa, amejirudia. Walionisimulia wanasema hadi jina la kumi watu walikuwa wanacheka, na kuanzia la kumi na tano hakucheka mtu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Alhamisi, na mashamba yalikuwa yameshalimwa.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi walikuwa mlangoni kwangu, wengine kwa pikipiki, wengine nyuma ya pikapu. Mbele yao Bertilla, mjane, mama wa kifua na sauti, mwenye ekari kumi na mbili za mahindi ambazo kila msimu zilikuwa zinaingia ghalani kwangu.

"Mama Jenifa, habari za asubuhi. Mimi ni Yusto."

"Bertilla, acha utani."

"Utani ni wako. Mashine yako imesema mimi ni Yusto niliyejirudia. Nimekuja kujiona."

Nyuma yake Yusto mwenyewe, mwembamba kama mpini, akachungulia. "Na mimi nimekuja kuona nilivyonenepa."

Nilimwita Abel. Msambazaji alikuwa anafunga orodha ya mwezi siku hiyo saa kumi jioni. Atakayekosa hapo angesubiri lori lingine wiki tatu, na mahindi hayasubiri. Abel akasema sheria ya namba anaweza kuiondoa kwa dakika moja.

"Lakini nikiiondoa, bosi, wajanja wataagiza mara tano tano na hatutawajua. Lazima awepo mtu wa kusema huyu ni nani na yule ni nani."

Wote tukageuka. Eustaki alikuwa kwenye meza yake, anachonga penseli.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuuzia, hukununua."

Nilikuwa nimesahau kwamba Bertilla ana masikio. Alimsogelea, akasema naye kwanza kwa Kifipa, taratibu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili duka zima lisikie.

"Ulijua, Eustaki, na sisi tunatazama mawingu?"

"Ningesema bure mwaka huu, mwakani mngekuja hapa mkamkuta nani?"

"Tungekufuata nyumbani. Tungekuletea kuku."

"Sitaki kuku, Bertilla. Nataka kiti changu."

Hakuinamisha macho. Nimeona wanaume wakubwa wakilainika mbele ya mama yule, lakini huyu alibaki amenyooka kama siku ile ya magunia yangu.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Mwaka mmoja."

Akaendelea kuchonga penseli.

"Mwaka mmoja na nusu."

"Mitatu ilikuwa bei ya mwezi wa kumi. Leo ni mitatu, na muhuri unakaa kwangu. Roboti ikubali inavyotaka, ila kukataa ni mpaka nigonge muhuri."

"Nikimpigia Ignasi sasa hivi ananipa majina yote bila senti."

"Mpigie. Atakupa ishirini na watatu. Wale wa vitongoji vingine vitatu, kila kitongoji na namba yake moja, utampigia nani?"

Vitongoji vingine vitatu. Nilimtazama Abel, Abel akatazama kompyuta. Muuzaji akishakushika hivyo, unaacha maneno na unatazama saa. Ilikuwa saa tatu na robo.

"Miwili na muhuri," nikasema. "Zaidi ya hapo waache waende, na wewe uwaambie kwa nini."

Aliweka penseli mezani. Mara moja tu alimtazama Bertilla, na Bertilla hakumtazama.

"Miwili," akasema. "Kwa sababu hawa wanangoja. Andika."

Niliandika, tukatia sahihi, Oswaldi akawa shahidi. Kisha Eustaki akaomba orodha ya waliokataliwa, jumla majina sitini na moja, akaanza kuyapitia bila kufungua daftari. Huyu ni huyu. Huyu ni mdogo wake, wanalima pamoja ila mbolea wanachukua mbali mbali. Hawa wawili ni mtu na mkwewe, na hawasalimiani, usiwaweke lori moja. Huyu amejirudia kweli, mkatae. Alipomaliza akaomba na orodha ya waliokubaliwa, akaitembeza penseli, akasimama mahali.

"Huyu bwana kaagiza mara nne."

"Haiwezekani," Abel akasema. "Namba zote nne tofauti."

"Laini nne, mtu mmoja. Shamba lake halitoshi kufunga mbuzi."

Roboti ilikuwa imempokea mara zote nne na kumshukuru. Saa tisa na dakika arobaini kila kitu kilikuwa kwa msambazaji. Abel alifunga kompyuta yake akasema mzee huyu angekuwa Mbeya wangemwekea ofisi ya vioo. Eustaki akamwambia vioo vinaleta joto.

Msimu umekwisha, mahindi yamo ghalani, kwa hiyo naweza kusema nani alipata nini.

Roboti imebaki, na inafanya kazi. Madereva hawalali tena chini ya malori. Mimi nilikusudia kupunguza karani na sikumpunguza; nina mashine na nina mtu, nalisha wote wawili. Mbolea ya Msanzi ilifika kwa wakati, ila aibu ya kusomewa mbele ya kigango kwamba umejirudia haikuondoka na lori. Wakulima saba kati ya wale ishirini na watatu wamehamia kwa mwenzangu wa upande wa pili wa barabara. Bertilla ndiye aliyetangulia. Mahindi ya ekari kumi na mbili yalipita mbele ya mlango wangu mwezi wa saba, juu ya lori la mtu mwingine, naye amekaa mbele na dereva. Alinipungia mkono.

Eustaki amepata miaka miwili na muhuri, na anautumia. Kuna siku ananirudishia orodha nzima, na hainisaidii kitu kumkodolea macho. Lakini kuna alichopoteza, nami nakiona kila asubuhi kutoka kwenye meza yangu. Zamani watu wa vijijini wakifika walikaa kwenye benchi lake kwanza. Walimwambia nani kahama, nani kagombana na kaka yake, shamba gani limegawanywa baada ya msiba. Kichwa chake kilijaa kwa njia hiyo. Sasa wanaweka karatasi juu ya meza, wanasema "karani, hii hapa," na wanatoka. Anachoniuzia hakiongezwi tena, na kila msimu kitapungua.

Nilimwambia hivyo wiki iliyopita, kibiashara, ili ajue kwamba nimehesabu. Mkataba wake unaisha Novemba mwakani.

Hakuinua macho kutoka kwenye muhuri wake.

"Basi mwakani utanunua kwa bei pungufu, Mama Jenifa," akasema. "Lakini utanunua."