Waskoti wa Babu

Mwezi wa tende Ibra nzima, mji wetu wa Omani, ilinuka sukari inayoungua. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na majirani zetu walikuwa bado wanachemsha tende mbichi kwenye masufuria makubwa kando ya mashamba, halafu wanazianika juani, na moshi wake unatuingilia mpaka kwenye mashuka. Kiangazi kimoja, nikiwa na miaka kumi, ndipo mama alipotukataza Kiswahili. Chanzo kilikuwa mimi. Kabla skuli haijafungwa, abla, ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, aliingia darasani, nami kwa mazoea ya nyumbani nikasimama nikamwambia, "Shikamoo, abla." Darasa zima lilicheka, na neno hilo wasichana wakalifanya jina langu. Mama aliletwa Omani kutoka Unguja akiwa mtoto, na yeye pia alichekwa sana. Akasema kuanzia siku ile ndani ya nyumba ni Kiarabu tu. Hakumtaja Bibi, mama yake mzazi, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia na cha sokoni.

Babu alikuwa amesomesha historia Unguja, kwa Kiingereza, kwa hivyo kichwani mwake mlijaa mambo ya Waingereza na majirani zao. Hakubishana na mama. Tulipoketi kula wali, alianza kutueleza kwa Kiswahili chake cha taratibu habari za Waskoti wa milimani. Walishindwa vita, serikali ya London ikawapiga marufuku wanaume wao kuvaa ile nguo ya mirabaraba wanayojifunga kiunoni. Ukikamatwa nayo, jela miezi sita. Ukirudia, unapakiwa melini unapelekwa ng'ambo. Ikapita zaidi ya miaka thelathini, karne ya kumi na nane inaelekea ukingoni, ndipo sheria ikafutwa. Wakatangaziwa kwa lugha yao: vaeni mpendavyo.

"Wakavaa?" mama aliuliza, kwa Kiarabu.

"Walivaa mabwana wakubwa, karamuni. Watu wa kawaida walikuwa wameshazoea suruali, na wazee waliojua kuifunga wengi wameshakufa. Tena miaka hiyohiyo wenye ardhi wakaanza kuwatoa watu mashambani, ili wao wafuge kondoo humo."

"Na hao kondoo wanawahusu nini wanangu?"

Babu akasema hawawahusu, akaendelea kula.

Bibi hakulia wala hakugomba. Aliacha tu kusema nasi. Alituita kwa kupiga makofi, akatuonyesha vitu kwa kidole, na mdogo wangu Salim, aliyekuwa bado mdogo sana, alikua akidhani bibi yake ni bubu. Nilipaswa kuona uchungu, sikuuona. Nilikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake, anajua upo lakini hauhisi. Nilisoma, nikafaulu, wasichana wakasahau lile jina.

Bibi alipougua, baada ya miaka saba, mama aliketi kitandani kwake akatuambia kwa Kiswahili, "Semeni naye. Nimekuruhusuni." Bibi akamtazama Salim, akasema naye kwa muda mrefu, sauti imemkauka. Salim akanigeukia akaniuliza kwa Kiarabu, "Anataka nini?" Kiarabu hicho Bibi alikielewa. Akageukia ukutani, na wiki hiyo tukamzika.

Siku hizi naishi Nizwa, nafanya kazi benki, na mama yuko kwangu. Mimi Kiswahili changu kilinusurika kwa kuwa nilikuwa mkubwa. Mama maradhi ya kusahau yamemwondolea Kiarabu chote, amebakiwa na lugha ya utoto wake. Wanangu wanampenda, wanambusu kichwa, wanampangia mito, lakini akisema wananitazama mimi. Nyumbani kwetu Ibra Kiswahili kilikuwa kingi kikanyamazishwa. Hapa hakuna anayekikataza, na kimya ni kilekile. Ijumaa iliyopita alimwomba binti yangu maji, akarudia, akarudia tena. Mtoto akatabasamu tu. Mama akanigeukia, amekasirika kweli.

"Hawa watoto," akaniuliza, "kawakataza nani?"

Nikamwambia, hakuna, mama. Nikaenda kumletea maji.