Njia Fupi Alivyomkuta Mkwewe Angani

Wenzake walimwita Njia Fupi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa rubani wa vifaranga. Kila Jumamosi maboksi yenye matundu yalipakiwa kwenye ndege yake ndogo nyeupe, ndege ambayo mlango wake wa asili ulikufa zamani ukapachikwa wa kijani kutoka ndege nyingine, naye akapaa huku nyuma yake kunalia chwi chwi chwi. Alisema hao ndio abiria pekee duniani wasiouliza watafika saa ngapi.

Katikati ya safari yake kulikuwa na kiwanja kidogo ambako watu waliruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli. Kwenye ramani za marubani kiwanja hicho kimezungushiwa duara, na maana ya duara ni nyepesi: kabla hujafika, ita redioni uulize kama kuna watu hewani; wakiwapo, zunguka. Mtu anayeporomoka kabla mwavuli haujafunguka ni kama nzi kwenye ukuta mkubwa. Humwoni, naye hawezi kukupisha. Njia Fupi aliyajua haya yote, tena alifaulu mtihani wake. Ila kuzunguka kulimkera. Warukaji aliwaita mizigo inayojitupa yenyewe, na mezani hakuchoka kuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeshuka kwenye ndege nzima.

Sasa sikia. Mama mkwe wake alikuwa fundi cherehani wa kiwanja hichohicho. Miaka nenda rudi aliziba miavuli iliyochanika na kushona mikanda, bila kukanyaga hata ngazi ya ndege. Alipostaafu aliomba zawadi moja tu: aruke mara moja, amefungwa kifuani kwa mwalimu, aone kama mshono wake unashika. Familia nzima ikaambiwa, hadi mjukuu wa chekechea. Aliyefichwa ni mmoja. Mkewe Njia Fupi ndiye aliyeamua hivyo, maana mumewe angecheka mpaka chakula kipoe, na mama alikuwa na woga wa kumtosha.

"Tutamwambia mama akishatua," alisema.

Basi mtu pekee wa familia ile ambaye Jumamosi hiyo angekuwa na ndege angani ndiye pekee asiyejua.

Siku yenyewe Njia Fupi alikuwa redioni na rubani mwenzake, wanabishana kuhusu goli lililokataliwa. Ubishi ulinoga, akachelewa kuhamia kwenye masafa ya kile kiwanja. Alipohamia, alichokisikia ni rubani wa warukaji akisema ametua. Akachungulia chini, akaiona kweli ile ndege ikijikokota kuelekea bandani.

"Wamemaliza hao," akawaambia vifaranga, akanyoosha katikati ya duara.

Alisahau kitu kinachofundishwa siku ya kwanza. Ndege ikishamwaga watu wake huwa nyepesi, hupiga mbizi ikafika chini mapema, na wao hubaki juu wananing'inia. Gari limefika kituoni, abiria bado wako njiani.

Dada aliyeshika redio pale kiwanjani akauliza ni nani huyo juu ya kiwanja, mbona kuna watu wawili kwenye mwavuli. Njia Fupi hakuwahi kujibu. Kitambaa cha rangi ya chungwa kilijaa kwenye kioo chake. Akailaza ndege ubavu, maboksi yakaserereka, vifaranga wakapiga kelele za mwaka mzima. Alipita karibu kiasi cha kumwona mwalimu, na mbele yake mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe, miguu ikienda juu na chini kama anakanyaga cherehani.

Miguu ile aliifahamu. Tangu aoe hakuwahi kukaa kochi moja na mkwewe wala kumkatiza mbele, kwa heshima. Leo amemkatiza mbele, tena kwa injini.

Jioni alikuta nyumba imejaa, keki mezani, mama katikati akihadithia. Simulizi ilipofika kwenye ile ndege, shemeji akasema rubani wa namna hiyo apewe toroli. Njia Fupi akasema hata toroli ni kubwa mno kwake.

"Ilikuwa ya rangi gani, mama?" mkewe akauliza.

Mama akakoroga chai, akaikoroga tena. Njia Fupi aliiona leseni yake ikizunguka mle kikombeni pamoja na sukari.

"Nilifumba macho, mwanangu."

Njia Fupi akakusanya vikombe upesi kama mkwe mwema. Mama akamfuata jikoni.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ule mlango wa kijani haupendezi."

Akabaki ameshikilia vikombe. "Mama, niliona ndege yao imeshatua. Nikadhani..."

"Ndege imetua. Mimi je?"

Njia Fupi akaviweka vikombe kwenye beseni.

"Jumatatu nenda kwa mkuu wa kiwanja ukamwambie mwenyewe," mama akasema taratibu. "Usipokwenda nitakwenda mimi. Na kuhadithia najua, umenisikia."

Alikwenda. Leseni ikawekwa kabatini, vifaranga wakasafiri kwa lori, na yeye akarudishwa darasani, benchi moja na vijana waliomwita mzee. Warukaji walipokuja kuwafundisha kuhusu lile duara, walileta mwavuli wa chungwa kama mfano.

Siku aliporuhusiwa kurudi angani, aliita kiwanja akiwa bado mbali sana.

"Hakuna mtu hewani leo, kaka," dada wa redio akamjibu. "Pita moja kwa moja."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Ndege yao haijatoka bandani."

Chwi chwi zikasikika redioni.

"Na mama mkwe umemuuliza? Maana kule nyumbani mimi hawaniambii kitu."

Dada alikuwa bado anacheka alipotazama dirishani. Kwa mbali, nje kabisa ya duara, ndege yenye mlango wa kijani ilikuwa inazunguka.