Mninga Niliompigia Mtu

Nina hasira za karibu. Mkono wangu hufika kabla ya akili, na kazi ya bustani ilinifaa kwa sababu hiyo. Watu wanaokuja Jumapili kwenye bustani ya mimea hapa Tabora, wakatandika khanga vivulini na kupigana picha, hudhani anayeitunza ni mtu mpole. Bustani haitunzwi kwa upole. Mwezi wa Juni nachoma nyasi mapema, kabla hazijakauka kabisa, ili moto wa Agosti ukivuka kutoka upande wa Ipuli usikute cha kula. Mvua zikianza nafyeka mpaka viganja vinachubuka. Fuko nimewaua kwa jembe, na nyoka pia. Nilikuwa narudi nyumbani na damu kwenye suruali, yangu au ya kiumbe kingine, na nikilala nalala kweli.

Kitu kimoja tu pale sikuwahi kukigusa kwa chuma. Karibu na lango ulisimama mninga uliokuwepo kabla ya bustani, na pengine kabla ya reli, tangu mapagazi walipokuwa wakipita nchi hii na pembe mabegani. Septemba, ardhi ikiwa imepasuka na vumbi limejaa kwenye kope, mti ule ulisimama bila jani hata moja, ukiwa umejaa maua ya njano na nyuki. Maharusi walikuja kusimama chini yake. Watoto wa shule waliokota mbegu zake zenye mabawa ya duara na kuzirusha. Niliupenda mti ule, wala sioni haya kusema.

Miaka miwili iliyopita Septemba ilifika, maua yakatoka kwenye matawi mawili tu. Kule juu matawi yalikuwa yamekauka. Nilizunguka shina nikaona gome limebanduliwa, vipande vya ukubwa wa kiganja, na utomvu mwekundu umeganda pembeni. Mninga ukikatwa hutoa damu, na ndiyo maana watu waliopungukiwa damu huutafuta kwa dawa. Nikajua hapo hapo kwamba kuna mtu anauua. Nilimwambia mke wangu kwamba nikimkamata nitamvunja. Akanijibu kuwa mti ni mti na mtu ni mtu, akaendelea kuchambua mchele. Sikumsikiliza.

Siku tatu niliwahi kabla ya jua, nikajibanza nyuma ya banda la vifaa na mpini wa jembe mkononi. Siku ya nne nilimkuta. Alikuwa mzee, mwembamba, amepiga magoti na kisu kifupi, kikapu pembeni yake. Alisikia hatua zangu, akageuka, akaniamkia kama watu wanavyoamkiana asubuhi: "Mwangaluka."

Nilimjibu kwa mpini. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mgongoni. La tatu aliinua mkono kukinga kichwa, nikasikia mfupa ukivunjika. Nao umevunjika, nikapiga la nne. Nataka hilo liandikwe, maana baadaye nimewasikia watu wakinitetea kwamba nilipiga moja tu kwa bahati mbaya. Kisu kilianguka, damu ikamtoka mdomoni, akaketi kuegemea shina huku ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba kitoto. Hakulia wala hakukimbia. Aliniuliza kama nimemaliza. Ndipo akaniambia nisogee nione.

"Mimi nabandua upande jua linakotoka na upande linakozama, basi," alisema. "Nikiuzunguka ukafa, mgonjwa wangu atapona kwa nini? Mti ukifa, kifo chake kinamfuata mgonjwa."

Niliangalia. Vidonda vilikuwa viwili, kila kimoja upande wake, vimepakwa udongo wa kichuguu, na kingo zake zilikuwa zimeshaanza kufunga. Kisha akanyoosha mkono mzima, akaonyesha kibao cha jina la mti. "Anayeuua ni huyu."

Kibao kile nilikifunga mimi. Miaka mingi nyuma, bustani ilipofunguliwa upya na wakubwa wakaja, niliandika majina ya miti kwa rangi nyeupe kwa mkono wangu, nikavifunga vibao kwa waya wa chuma kuzunguka mashina na kuukaza kwa koleo visicheze. Kila Ijumaa kabla ya sala nilikifuta kile cha mninga kwa kitambaa. Nilikuwa nafuta jina, sitazami waya. Waya ulikuwa umezama ndani ya mti, gome limeufunika, na juu yake shina limevimba pande zote kama shingo ya mtu anayenyongwa. Maji hayakuwa yakipita.

Nilichuchumaa mbele yake, nikasema neno nililopaswa kuanza nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu.

Nilimpakia kwenye baiskeli mpaka polisi, maana hospitali wangetaka fomu ya majeruhi. Alisema ukweli: huyu ndiye aliyenipiga. Walipomuuliza anataka nifanywe nini, akasema niachwe kwanza nikaufungue mti, mengine tutazungumza. Walinishikilia mpaka alasiri, wakaniachia kwa neno lake. Nilirudi na koleo. Waya ulitoka vipande vipande, na kila kipande kilitoka na nyama ya mti. Nililia kwa hasira, na safari hiyo hasira haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula siku tatu bila kunisemesha.

Wiki iliyofuata mzee alikuja kutoka kijijini kwake Kigwa, mkono ukiwa kwenye plasta, akaniuliza ni miti gani mingine niliyoifunga. Nikamwambia yote. Tuliizunguka pamoja, mimi nikikata waya, yeye akipaka udongo kwa mkono mmoja. Mingi ilikuwa bado michanga, waya ndiyo kwanza umeanza kuuma.

Mninga tuliuhangaikia masika yote. Tulijaza udongo kwenye lile kovu, tukaukinga jua kwa magunia, nikaubebea maji Juni na Julai. Septemba ikaja bila ua hata moja. Matawi makavu yakaanza kuanguka njiani, na uongozi ukaagiza ukatwe kabla haujamwangukia mgeni. Wenzangu walisema wako tayari kunisaidia, nikakataa.

Mzee alikuja siku ile bila kuitwa. Mkono ulikuwa umeunga upande, vidole havikunjiki, kisu hawezi tena kukishika. Aliketi kwenye mawe ya njia. Nilivua shati, nikainua shoka, nikaupiga mti kwa nguvu zangu zote, tena na tena, vibanzi vikaruka mpaka usoni.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Na huo nao haujakukosea."

Nilishusha shoka. Kazi iliyobaki niliifanya polepole, ikanichukua asubuhi nzima, na yeye hakuondoka mpaka mti ulipolala chini.