Saba Haugen na Boksi la Verna

Lyle Haugen alikuwa mtu mpole katika mambo yote isipokuwa moja. Kwa miaka thelathini aliendesha greda la wilaya, akisukuma theluji kwenye barabara za milimani Montana, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana dereva aliyekwama mbele yake. Lakini mtu akizitaja kwa sifa risasi za dukani, hapo Lyle alivua kofia, akaitua mezani, akaanza kuhutubia mpaka chakula cha mwenzake kikapoa.

Yeye hakupiga risasi za dukani. Alijitungia zake. Alichukua ganda la shaba la risasi ya kawaida, akalibana shingo, akalisogeza mabega, akalitia baruti kwa mizani, mpaka likawa kitu ambacho hakiuzwi na duka lolote duniani. Wenye wazimu huo kule huziita risasi hizo paka pori. Ya Lyle, yenye upana wa milimita saba, iliitwa Saba Haugen, na ilimla miaka kumi na mmoja kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Bunduki ya kuipiga nayo ilibidi itengenezwe mahsusi, kwa sababu hakuna nyingine iliyoweza kuimeza.

"Sasa niambie," Duane Pickett alimuuliza siku moja. Duane ndiye mwenye duka la mjini, anakouza chakula cha ng'ombe, mafuta ya gari, maandazi na risasi. "Hii yako inaishinda Sifuri Sita ya dukani kwa lipi hasa?"

"Kasi, bwana! Futi mia moja na arobaini zaidi kila sekunde."

"Kwa hiyo mnyama anakufa kabla hajasikia mlio, badala ya kufa kabla hajasikia mlio?"

Watu dukani walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Lyle alivaa kofia yake akatoka.

Hiyo Sifuri Sita ni risasi ya babu zao, inapatikana hata kituo cha mafuta, na ndiyo iliyoliwa na bunduki ya mkewe, Verna. Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu, kitako kimefungwa utepe mweusi. Lyle aliiita bunduki ya karani. Kwamba ni yeye aliyemnunulia Verna mwaka walipooana, hilo alipenda kulisahau.

Basi mwaka huo bahati ikamwangukia. Kibali cha kuwinda dume la elki, kulungu mkubwa wa milima ile, upande wa juu wa Mto Teller hupatikana kwa kura, na Lyle alikuwa ameomba kwa miaka kumi na tisa bila kukosa mwaka. Barua ilipofika aliisoma amesimama barabarani, karibu na sanduku la posta, akalia waziwazi. Kura hiyo ukiipata mara moja hairudi tena. Alikuwa na miaka sitini na nane na goti bovu, na alitaka kitu kimoja tu: dume la Mto Teller liangushwe na Saba Haugen, ili Duane Pickett anyamaze hadi kaburini.

Msimu ulipofika, yeye na Verna walipanda mlimani kwa farasi kwa muda wa saa tano nzima. Verna alikwenda kupika na kuangalia farasi, na alibeba bunduki yake, risasi zikiwa tayari ndani, kwa ajili ya dubu. Asubuhi ya kwanza, baada ya chapati za maji na nyama ya nguruwe, Lyle alikaa juu ya gogo akafungua boksi la risasi.

Ni lazima ijulikane kwamba paka pori hana boksi lake. Nani atamchapishia? Lyle alizitia Saba Haugen kwenye maboksi matupu ya Sifuri Sita, akayapanga rafuni kando ya boksi la Verna. Verna alimwonya mara tatu aandike juu yake. Lyle alisema mtu anayeijua risasi yake hahitaji maandishi.

Akatazama ndani ya boksi. Hakuhitaji hata kuzijaribu bundukini.

"Verna."

"Nini?"

"Hizi ni zako."

Verna aliacha kuosha sufuria. Alimtazama mumewe, akatazama boksi, na kwa upendo mkubwa akajizuia kucheka, kwa muda wa kama pumzi mbili.

"Usicheke, mwanamke! Miaka kumi na tisa!"

"Sicheki. Nakohoa."

"Narudi nyumbani kuzichukua."

"Saa tano kushuka, saa tano kupanda, na redio imesema theluji inafunga njia jioni hii. Ukishuka, umeshuka."

Lyle alijua ni kweli. Alishika bunduki yake nzuri, iliyong'aa, isiyo na cha kula, akahisi kama mtu aliyekwenda harusini na suti bila suruali. Hasira ilimpanda, kisha ikamshuka, na chini yake alikuta huzuni tupu.

Hapo ndipo farasi walipoinua masikio. Ng'ambo ya uwanda wa nyasi, hatua kama mia mbili, dume lilitoka kwenye misonobari. Lilikuwa kubwa kama farasi wa kulimia, pembe zake zimerudi mpaka kiunoni, na pumzi yake ilitoka moshi. Likasimama ubavu.

"Verna," Lyle alinong'ona. "Nipe bunduki."

"Ipi?"

"Hiyo yako."

"Hii ya karani?"

"Verna, nakuomba! Litaondoka!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mzee wangu. Sema vizuri."

"Naomba bunduki yako nzuri, mke wangu, inayokula risasi za dukani."

Akapewa. Akapiga magoti, goti bovu likalalamika, akavuta pumzi, akapiga mara moja. Dume lilitembea hatua tatu, likatulia, likaanguka. Lyle aliketi kwenye nyasi zenye barafu akalia kama siku ile ya barua.

Verna alikaa kando yake.

"Unakumbuka ulichoniambia siku uliponinunulia hii?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Chukua hii, Verna, hutakosa risasi zake popote utakapokwenda.' Nikajua nimepata mume mwenye akili."

Mjini habari ilifika kabla ya nyama. Lyle aliingia dukani kwa Duane, akaomba boksi moja la Sifuri Sita kumrudishia mkewe, na Duane, kwa mara ya kwanza maishani, akakosa neno kwa raha. Wiki ile Lyle aliandika maboksi yake yote kwa rangi nyekundu.

Lakini kufika Desemba, tupa ilisikika tena kibandani. Verna alimpelekea kahawa.

"Nini tena?"

"Mpya. Mabega yake yamekaa vizuri zaidi." Aliona haya kidogo. "Nataka kuiita Verna."

"Inauzwa wapi?"

"Haiuzwi popote."

"Basi ipe jina lako," Verna alisema, akaweka kikombe mezani. "Mimi hujawahi kunikosa popote ulipokwenda."